Kabla ya kuwasha moto: mambo ya kuzingatia unapotia ugumu meno ya gia

Pinieni ile, yaani gia ndogo ya mashine, ililetwa karakanani kwetu Ngamiani, Tanga, ikiwa ndani ya gunia. Ilitoka kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, ya shamba moja upande wa Muheza, meno yake yameliwa hadi yamekuwa membamba kama ya msumeno. Tukakereza nyingine, tukachonga meno, ikapendeza. Mwenzetu mmoja akasema tuizimishe, yaani tuipoze ghafla ikiwa nyekundu kwa moto, kwa maji ya bahari, kwa kuwa maji ya chumvi hukaza zaidi. Hilo ni kweli. Chumvi huvunja upesi utando wa mvuke unaokizingira chuma chekundu, kwa hiyo joto hutoka kwa kasi kuliko kwenye maji ya bomba. Tulisikia mlio mmoja tu, ta! Ufa ulianzia kwenye kona ya mfereji wa ufunguo, ule unaofunga gia kwenye shafti, ukatokea shinani mwa jino. Kazi ya siku tatu ikaisha hapo. Tulipomrudia aliyetuuzia chuma ndipo tukaambiwa kuwa ni EN19, chuma chenye krome na molibdeni, ambacho huzimishwa kwa oili.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: chuma gani? Uliza kabla hata ya kukereza. Chuma chenye kaboni chini ya asilimia 0.25 hata ukikipasha moto vipi hakitakazika vya kutosha. Hicho lazima kilishwe kaboni kwanza. Chenye kaboni ya asilimia 0.4 hadi 0.5, kama kile cha daraja la C45, kinakubali kupashwa moto kwenye meno peke yake na kuzimishwa. Kama umeokota ekseli ya lori na hujui asili yake, iguse kwenye grainda uangalie cheche: chuma laini hutoa mistari mirefu yenye vichanua (cheche ndogo zinazotawanyika kama nyota) vichache, chenye kaboni nyingi hutoa vichanua tele. Mimi siridhiki na cheche peke yake. Nakata kipande kidogo cha chuma kilekile, nakipasha, nakizimisha kwenye oili, kisha nakijaribu kwa tupa mpya: tupa ikiteleza, kimekazika. Kipande hicho kimeniokolea gia nyingi.

Halafu jiulize gia inakwenda kufanya kazi gani. Jino linataka ganda gumu lisilolika na moyo unaovumilia kishindo. Ukiligeuza lote kuwa gumu, litakatika siku mkonge utakapokwama. Ndiyo maana kulisha kaboni kunapendwa kwa gia zinazobeba mzigo mzito: gia hufungiwa kwenye sanduku la chuma lenye mkaa uliosagwa na kuchanganywa na kabonati, sanduku likazibwa kwa udongo na kukaa kwenye nyuzi 900 hadi 950 za selsiasi kwa saa kadhaa. Ganda la milimita moja halipatikani kwa haraka, na kwa meno madogo ganda nene mno ni hatari, kwa sababu jino linakosa moyo. Pale usipotaka ugumu, mathalani ndani ya tundu, acha nyama ya ziada, uikereze baada ya kulisha kaboni na kabla ya kuzimisha.

Wanaotumia mtungi wa gesi na oksijeni kupasha jino mojamoja wakumbuke shina la jino. Ugumu ukiishia katikati ya shavu, yaani ubavu wa jino, pale unapoishia ndipo jino linapoweza kuvunjikia. Naitridi, yaani kulisha chuma naitrojeni, ni habari nyingine: gesi ya amonia, nyuzi 500 hadi 550, makumi ya saa, wala hakuna kuzimisha, hivyo gia haipindi sana. Inataka chuma maalumu na tanuri lililofungwa vizuri. Si kazi ya uani.

Sasa itazame gia yenyewe. Kona kali za mfereji wa ufunguo zizungushe kwa tupa, ondoa makovu ya kisu cha mashine. Chuma kinapokazika huvimba na kupinda kidogo, basi acha nyama kidogo ya kusaga mwishoni.

Oili ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Hapa Tanga pipa likiachwa wazi wakati wa masika, maji huingia na kutulia chini. Chuma chekundu kikiyafikia, yanageuka mvuke unaochukua nafasi zaidi ya mara 1,600, na oili inaruka juu ikiwaka. Chota kidogo kutoka chini ya pipa, pasha kwenye kopo: ikitatarika, ina maji, usiitumie. Iwe lita 8 hadi 10 kwa kila kilo ya chuma, na uipashe hadi nyuzi 50 au 60, kwa maana oili baridi ni nzito na haizunguki vizuri. Weka karibu bati la kufunikia pipa na ndoo ya mchanga mkavu. Moto wa oili hauzimwi kwa maji. Na chumvi za sianidi, sumu kali walizotumia mafundi wengine kukazia chuma, usikubali ziingie karakanani kwako kabisa.

Kama huna kipimajoto, tumia sumaku. Karibu na nyuzi 770 chuma huacha kuvutwa. Ongeza moto kidogo kupita hapo, subiri joto liingie hadi ndani, ndipo uzimishe. Fanya kazi kivulini au jioni, kwani jua la pwani hudanganya rangi ya chuma.

Jiko la kutempa, yaani kupasha gia tena kwa moto mdogo ili kupunguza mvutano, liwe tayari lina moto kabla hujazimisha. Gia ikitoka kwenye oili imejaa mvutano na inaweza kupasuka ikiwa imelala tu mezani. Ingali vuguvugu, irudishe kwenye nyuzi 150 hadi 200 kwa saa mbili hivi. Jiko la kuokea mikate linatosha kabisa.

Pinieni ya pili tuliizimisha kwa oili, wakati wa magharibi, tukaitempa usiku huohuo. Asubuhi nilipitisha tupa mpya juu ya jino, ikateleza na kuacha mchubuko mwembamba tu. Ilirudi Muheza kwa basi la saa nne, ndani ya gunia lilelile.