Somo: Namna ya kuifikisha kero ya mtaa kwa diwani mpaka iingie kwenye kikao

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza tulifanyaje mpaka kalavati la mtaani kwetu hapa Dar es Salaam likajengwa. Naandika hatua zote tulizopitia, pamoja na pale tulipokosea, ili ninyi msipoteze muda kama sisi.

Kwa miaka miwili tulikuwa tunampigia diwani simu. Kila masika maji yalivuka barabara na kuingia vyumbani. Alikuja mara mbili, akasimama nasi kwenye matope, akaahidi. Naamini hakutudanganya. Lakini hakukuwa na kikao hata kimoja ambacho muhtasari wake ulitaja kalavati letu, na halmashauri hufanyia kazi kilichoandikwa. Simu ya usiku haina pa kuwekwa kwenye faili.

Hatua ya 1: Jueni kero ni ya nani

Barabara za mitaani na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Maji vijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa 2019. Kwetu Dar maji ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Shule, zahanati, masoko na uzoaji taka ni vya halmashauri yenyewe. Usimlaumu diwani kwa kutochonga barabara, hana greda. Alichonacho ni kiti kwenye baraza, na mbele ya baraza hilo wataalamu wa taasisi hizo huitwa kujibu hoja za madiwani.

Hatua ya 2: Pimeni, pigeni picha, andikeni tarehe

Sisi tulipima upana wa mkondo kwa tepu ya fundi, tukahesabu nyumba zinazoingiliwa na maji. Kuna mama jirani ambaye kila mafuriko yalipopungua alichora mstari wa chaki ukutani pale maji yalipofikia, na tarehe pembeni. Mistari ilikuwa minne, wa juu kabisa ukigusa kizingiti cha dirisha. Picha ya ukuta ule ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Hatua ya 3: Pelekeni kwenye mkutano mkuu wa mtaa

Hapa ndipo penye uzito, msiparuke. Mkutano mkuu ni wa wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Mwandikieni mwenyekiti mapema, kupitia mtendaji wa mtaa, muombe kero yenu iwe agenda inayojitegemea. Msikubali isukumiwe kwenye "Mengineyo". Wakati huo jua limeshakuwa kali, nusu ya watu wameondoka, na katibu ameshafunga kalamu. Ya kwetu ilisemwa kwenye Mengineyo mara tatu na haikuandikwa hata mara moja.

Mkishajadili, ombeni litolewe azimio: nini kifanyike, nani afuatilie, lini arudishe majibu. Lisomwe kwa sauti kabla ya mkutano kufungwa, kisha ambatisheni karatasi ya mahudhurio yenye majina na sahihi. Siku iliyofuata nilikwenda ofisini nikaomba nakala ya muhtasari. Niliambiwa nirudi kesho, na kesho nyingine. Nilirudi mara nne, kwa upole, mpaka nikaipata. Msichoke na hili.

Hatua ya 4: Kamati ya Maendeleo ya Kata

Hii ndiyo watu huiita WDC. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Andikeni barua ya ukurasa mmoja. Ya kwetu ilianza hivi:

"YAH: OMBI LA KUJENGEWA KALAVATI KATIKA MTAA WETU. Rejea azimio la mkutano mkuu wa wakazi, muhtasari wake umeambatishwa."

Halafu aya tatu: hali ilivyo, wanaoathirika, na mchango ambao wakazi wako tayari kutoa. Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo nyumbani. Bila muhuri, barua ikipotea hamna mnachodai.

Hatua ya 5: Baraza la madiwani

Mikutano ya kawaida ya baraza ni kila robo mwaka, na humo kila diwani huwasilisha taarifa ya kata yake. Taarifa hiyo hutokana na yale ya WDC, kwa hiyo kero isiyopita WDC huikuti humo. Kikao ni cha wazi. Nendeni watu watatu au wanne, mkae sehemu ya wageni, msikilize. Hamruhusiwi kuchangia, lakini diwani akiwaona anajua mnafuatilia.

Kuhusu muda: mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na bajeti hupitishwa na baraza miezi kadhaa kabla ya hapo. Mkutano wenu uwe Oktoba au Novemba. Sisi barua yetu iliingia Machi, bajeti imeshapita, tukaloana masika nyingine nzima.

Mkitaka kuchangia nguvu zenu, mchanga, kokoto au msaragambo (kazi ya pamoja ya kujitolea), ombeni kwanza mchoro wa mhandisi. Boma, yaani jengo lililoishia kwenye kuta, likiinuliwa bila ramani huwa gumu kumaliziwa na serikali, na inauma kuona jasho la watu likiota majani. Fedha zote zitolewe stakabadhi, hata shilingi elfu moja ya bibi. Na sare za vyama zibaki nyumbani siku ya mkutano, maji yakija hayaulizi kadi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kilosa: Shikamoo mwalimu. Mwenyekiti wetu wa kijiji hajaitisha mkutano mkuu mwaka mzima. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Anzeni kwa kumwandikia yeye kwa heshima, nakala kwa mtendaji wa kijiji. Kukiwa kimya, andikeni kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Zote zigongwe muhuri.

Mwanachama, Mbagala: Diwani wetu hapokei simu kabisa, kaka.

Jibu: Pole dada. Mpitie mtendaji wa kata, ofisi yake iko wazi siku za kazi na ndiye anayeandaa agenda za WDC. Pia ulizeni kama kuna diwani wa viti maalum anayeishi kwenye kata yenu. Wengi humsahau, na kwenye baraza sauti yake ni ya diwani kamili.

Mwanachama, Mbeya: Sisi ni vijana tisa, tunataka mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri. Tupitie hatua hizi hizi?

Jibu: Hapana mdogo wangu, huo una njia yake. Hiyo asilimia kumi si riba, ni sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne ni ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, akueleze usajili wa kikundi na fomu.

Mwanachama, Kimara: Mimi ni mpangaji tu. Mwenye nyumba anasema mkutano haunihusu.

Jibu: Unakuhusu. Kigezo ni ukazi, hati ya nyumba haihitajiki. Nenda, saini mahudhurio, na sema. Kwetu nusu ya walioingiliwa na maji walikuwa wapangaji.

Mwanachama, Mbagala: Kalavati lenu likoje sasa?

Jibu: Maji yanapita. Tabu iliyobaki ni chupa za plastiki zinazoziba mdomo wa juu. Tunazitoa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, lakini wiki mbili tu zimejaa tena. Barua ya kuomba agenda ya taka nimeipeleka kwa mtendaji jana, nakala yangu ina muhuri.