Kupima Mwinamo wa Dunia kwa Kivuli cha Adhuhuri, Kisumu

Kwa kuwa Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, wanafunzi wengi hudhani jua huwa utosini kila adhuhuri. Sivyo. Huwa utosini siku chache tu, karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba. Siku nyingine kivuli hulala kaskazini au kusini, na siku kinapokuwa kirefu zaidi, mwezi Juni na Desemba, urefu wake hutoa pembe ya mwinamo wa mhimili wa dunia. Siku bora kwa shule ni tarehe 21 Juni. Ile ya Desemba huangukia likizo.

Toboa kadibodi tundu la milimita 5. Ipigilie ikiwa imelala juu ya ufito uliosimamishwa kwenye sakafu tambarare ya saruji, tundu likitokeza sentimita 10 upande wa kusini na likiwa juu ya sakafu kwa sentimita 100 kamili. Ning'iniza uzi wenye nati kupitia tundu, kisha utie alama ya chaki pale nati inapogusa. Vipimo vyote huanzia hapo, si kwenye shina la ufito, kwa hiyo ufito ukienda upande kidogo hauharibu kitu. Ncha ya ufito mtupu haifai: jua lina upana wa nusu digrii angani, hivyo ukingo wa kivuli hufifia kwa karibu sentimita 1. Doa la mwanga wa tundu lina katikati inayoonekana wazi. Usichungulie jua kupitia tundu hilo kamwe.

Kosa kubwa ni kupima saa sita kamili. Saa za Kenya hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, ilhali Kisumu iko digrii 34.8. Kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua huchelewa takriban dakika 41. Kasi ya dunia katika njia yake nayo hubadilika, na mhimili wake umeinama, ndiyo maana adhuhuri halisi ya Kisumu huwa karibu saa 6:43 mwezi Juni, 6:33 mwishoni mwa Septemba na 6:55 katikati ya Februari. Nakuru, toa dakika 5.

Anza saa 6:20, uweke alama katikati ya doa kila dakika 5 hadi saa 7:05. Unganisha alama kwa mstari, kisha upime umbali mfupi zaidi kutoka alama ya nati. Ukikosea dakika 10, urefu hubadilika kwa milimita 3 hivi tu, lakini doa huwa limehama zaidi ya sentimita 4 kuelekea mashariki au magharibi.

Utapata karibu sentimita 43.5. Gawanya kwa 100, utafute pembe ambayo tanjenti yake ni 0.435: digrii 23.5. Ikweta yenyewe inapita Maseno, na Kisumu iko digrii 0.1 kusini mwake. Ziondoe, ubaki na 23.4. Ukipata 22 na kitu, pima tena kimo cha tundu. Tundu likiwa sentimita 95 badala ya 100, jibu hupungua kwa zaidi ya digrii 1.