Kabla hujapakia zirotani kwenye kontena kwenda Mtwara, kapime kwanza geti na mchanga

Wadau wa Kusini mliopo nje, hasa nyie wa Marekani maana huku hizi mashine utaziona kila uwanja wa nyumba, nimeulizwa swali hili mara nyingi mpaka nimeona bora niandike sehemu moja. Mtu amejenga Naliendele au Mikindani au kule Mitwero Lindi, ameotesha ukoka wake au paspalamu, sasa anataka ile mashine ya kukata nyasi unayopanda juu, isiyo na usukani, ina mikono miwili tu na inageuka palepale ilipo. Ndo hiyo zirotani (zero-turn). Je, anunue ipi ampelekee mzee nyumbani?

Mimi nilinunua. Nilikosea, ila sikukosea kwenye mashine, nilikosea kwenye kiwanja. Nilichukua ya inchi 54 kwa sababu ilikuwa kubwa na bei ilikuwa nzuri, nikaipeleka, ikafika, kumbe kati ya kona ya nyumba na simtanki kuna nafasi ya mita moja na robo na hiyo mashine visu vyake peke yake ni sentimita 137. Mpaka leo uani kunakatwa kwa fyekeo na mbele kunakatwa kama uwanja wa mpira wa Ulaya.

Kwa hiyo anza na utepe. Mwambie mtu apime geti, apime vichochoro, na akumbuke pembeni ya deki (lile bakuli la chuma linalofunika visu) kuna mdomo wa kutemea nyasi unaoongeza upana tena. Halafu apime eneo lenye nyasi kweli, sio ukubwa wa kiwanja kwenye hati. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 ukitoa nyumba, banda, kisima na ile sehemu ya kupaki gari unabaki na mita za mraba kama 300, hizo zirotani inazimaliza kabla injini haijapata moto vizuri. Hapo nunua mashine ya kusukuma ya inchi 21 yenye magurudumu yanayojivuta, maliza, pesa nyingine peleka kwenye uzio. Zirotani inaanza kuleta maana kuanzia ekari moja, ile ya hatua sabini kwa sabini, na kuendelea.

Na watu wanapenda deki kubwa bila kupiga hesabu. Ekari ni mita za mraba 4,047. Ukienda mwendo wa kilomita 8 kwa saa na ukiacha nafasi ya kupishanisha mistari na kugeuka, deki ya inchi 42 inamaliza ekari kwa dakika kama 35 hivi, ya inchi 54 kwa dakika kama 28. Dakika saba! Kwa dakika saba unabeba uzito zaidi, mafuta zaidi, na inagoma kupita kwenye simtanki. Kwa nyumba yenye ekari moja hivi chukua 42, ukiwa na ekari mbili tatu zilizo wazi ndo ufikirie 50 na kitu.

Sasa mchanga na miteremko, hapa naomba msome taratibu. Zirotani inaendeshwa na magurudumu ya nyuma tu, kila moja lina pampu na mota yake ya haidroliki (inayozungushwa kwa nguvu ya oili), mkono wa kulia unaongoza gurudumu la kulia na wa kushoto la kushoto. Yale madogo ya mbele yanafuata tu kama ya kitoroli cha supamaketi, hayaongozi kitu. Maana yake nini? Kwenye mteremko wenye umande, magurudumu ya nyuma yakiteleza basi huna usukani na huna breki, kwa sababu kuongoza na kusimama vyote vinategemea hayohayo ya nyuma. Ndo maana watengenezaji wengi wanakataza mteremko unaozidi digrii 15, na wengine wanakataza hata chini ya hapo, na wote wanasema kaa mbali na mitaro na kingo za maji. Kama nyumba yako Lindi imekaa kilimani huko inatazama bahari, achana nayo, tafuta ile yenye usukani au baki na mashine ya begani.

Mchanga nao una yake. Shangani ya Mtwara na maeneo mengi ya karibu na pwani udongo ni mchanga, magurudumu ya mbele yanazama, na ukigeuka kwa haraka palepale kama unavyoona kwenye video gurudumu la nyuma linachimba shimo na kung'oa nyasi zote. Geuka kwa upana, magurudumu yote mawili yawe yanatembea. Halafu kuna mawe ya matumbawe yanayochungulia na visiki vya mikorosho, kisu kikipiga hapo hakipindi chenyewe tu, kinapinda na mhimili wake na beringi zake. Na tusidanganyane, hii sio mashine ya kufyekea shamba la mikorosho. Matawi ya mkorosho yanakaa chini, yatakutoa kwenye kiti.

Ukishapita hapo ndo uje dukani. Mpya ya matumizi ya nyumbani inaanzia kama dola 3,000, na mimi sioni sababu ya kupeleka mpya. Ukinunua iliyotumika angalia deki kwanza. Kuna deki zilizokandamizwa kutoka bati moja na kuna zilizoungwa kwa kuchomelea chuma kizito, chukua ya pili, hewa ya bahari ya kwetu inakula bati jembamba bila huruma. Inama chini yake ugongegonge na bisibisi. Injini, tafuta zile ambazo spea zake zinajulikana dunia nzima, Kawasaki, Kohler au Briggs & Stratton, silinda mbili, nguvu farasi 21 hadi 24 zinatosha kabisa.

Ila kitu ambacho wengi hawaangalii ni gia za haidroliki, yaani zile pampu na mota za magurudumu ya nyuma. Za bei rahisi zimefungwa moja kwa moja, hazijatengenezwa umwage oili wala ubadilishe filta, zikichoka unanunua nzima na hapo ni pesa ndefu. Za daraja la juu kidogo zina filta na unabadilisha oili. Kwa Mtwara chukua hizo za filta. Na usiijaribu ikiwa baridi, iendeshe dakika ishirini mpaka ipate moto halafu ipandishe kamlima, ikianza kulia na kupoteza nguvu upande mmoja, muage muuzaji kwa adabu ondoka.

Za betri naulizwa sana. Chaja ya Marekani mara nyingi ni ya volti 120, nyumbani ni 230, na betri kubwa za lithiamu kwenye meli zinahesabiwa mzigo wa hatari. Mimi nisingepeleka.

Spea nunua siku hiyohiyo: visu seti mbili, mkanda wa deki miwili, mhimili mmoja wa kisu, filta za oili, hewa na mafuta, plagi. Mkanda wangu wa kwanza ulikatika mjomba akaweka wa mashine ya kusaga uliokaribiana vipimo, ukanuka siku mbili ukaisha. Ile mikanda ni ya aina yake.

Kwenye kusafirisha, mwaga mafuta yote, chomoa betri, kunja ule upinde wa chuma wa nyuma (unaomkinga dereva mashine ikipinduka) kama upo. Ongea na wakala wa kutoa mizigo kabla ya kununua na mpe namba ya forodha 8433.11 akupigie hesabu, na ujue VAT ya asilimia 18 ipo. Mizigo mingi inashukia Dar halafu inapanda Fuso kilomita kama 560 mpaka Mtwara. Usipange ifike mvua kubwa, mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya na barabara ya Somanga ilivyokatika.

Yangu ilifika usiku, vijana sita wanasukuma haitembei, mjomba akanipigia: "Mjomba, lichuma lako limegoma." Nikamuuliza, mmetoa breki? Wametoa. Kumbe ile haidroliki inabana magurudumu injini ikiwa imezima, kwa nyuma kuna vyuma viwili vidogo vya kuvuta, kila upande kimoja, ukivuta inasukumika kama baiskeli. Nilimwelekeza kwa WhatsApp saa nane usiku kwao, wakacheka wote.

Anayeendesha afundishwe na mtu, sio kwa kuangalia video. Upinde ukiwa umesimama funga mkanda wa kiti, ukiwa umekunjwa usifunge. Fundi akitaka kuiruka ile swichi ya kiti inayozima visu ukinyanyuka, mkatalie hata kama anakwambia inasumbua. Na mtoto asipakatwe, hata raundi moja.

Halafu kuna kiangazi. Kwetu mvua ni moja, Novemba Desemba mpaka Aprili Mei, baada ya hapo nyasi zinalala na mashine inakaa miezi mitano. Mafuta yakibaki yanaganda kwenye kabureta, panya wanahamia kwenye waya. Mjomba sasa anamwaga tanki, anachomoa betri anaingia nayo chumbani kwake, anaitumia kuwashia taa umeme ukikatika, na akiniambia imekufa ananiambia kama vile mimi ndo niliyeiua.