Kupunguza uzito wa ngazi ya kurinia asali

Wenzangu mnaorina asali huku Chemba na Kondoa, ngazi nzito humaliza nguvu kabla hujaufikia mzinga wa kwanza. Ipunguzeni, ila ile miti miwili mirefu ya pembeni msiitoboe wala kuichonga iwe myembamba. Tundu dogo tu katikati ya mti ndipo ufa unapoanzia, nawe utausikia ukiwa tayari juu.

Uzito mwingi ni maji. Mti uliokatwa leo ukipigiliwa vipandio leo, unabeba maji porini bure. Menya gome, ulaze juu ya mawe kivulini majuma kadhaa, juani utapasuka. Ukishakauka, kata ncha za vipandio zinazotokeza nje, bakiza upana wa vidole viwili tu ili msumari usipasue mbao. Mnyororo wa kufungia ngazi kwenye mti, mimi nimeuacha nyumbani, natumia kamba ya manila. Ikianza kuchakaa naitupa.

Kisha ijaribu chini. Kumbuka unashuka na mzigo: asali ya lita 20 ina kilo kama 28, ukiongeza uzito wako. Laza ngazi juu ya matofali, moja kila ncha, wasimame watu wawili katikati, mwingine atege sikio. Yangu ililia mara moja, “kwaa”. Nilipoigeuza nikakuta ufa mwembamba kama unywele umejificha pembeni ya kifundo. Ule mti niliufanya kuni siku ileile.