Kusoma Mwandiko wa Makarani wa Malkia Elizabeth wa Kwanza

Barua ya Uingereza ya mwaka 1585 humfanya msomaji mgeni adhani ni lugha asiyoijua. Kumbe akisomewa kwa sauti, sehemu kubwa ataielewa. Kinachomkwamisha ni maumbo ya herufi. Makarani wa enzi hiyo waliandika mwandiko wa haraka ambao Waingereza huuita secretary hand. Wanaoanza hukosea kwa kulitupia neno jicho na kulibahatisha. Hapa halisomwi neno, husomwa herufi.

Anza na barua ya ukurasa mmoja, mistari 20 hadi 30, iliyoandikwa na karani. Barua za mabwana wenyewe ziache kwa sasa, maana wengi waliandika ovyo. Hata Malkia, aliyejifunza mwandiko safi wa Kiitaliano utotoni, uzeeni aliparura tu. Hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, ina masomo ya bure mtandaoni, na maktaba ya Folger ya Washington ina picha nyingi za hati.

Kabla ya kunakili, tengeneza alfabeti ya karani wako. Piga miraba 24, si 26, kwa sababu i na j zilihesabiwa herufi moja, na u na v vivyo hivyo. Tafuta maneno usiyoyatilia shaka, kama "and", "Lord" na "Maiestie", kisha chora kila herufi kama ilivyo, pamoja na sura zake zote. Herufi r peke yake inaweza kuwa na sura tatu katika barua moja.

Zinazosumbua ni hizi. Herufi e imegeuzwa nyuma, na wengi huisoma o au d. Herufi c hufanana na r yetu ya leo. Herufi h hushuka chini ya mstari na kuburuta mkia. Herufi s ya mwanzoni au katikati ya neno ni ndefu kama f isiyokatwa. Ya mwishoni hujikunja kama kitanzi kidogo. Ff mbili mwanzoni mwa jina ni F kubwa tu. Mwanzoni mwa neno huandikwa v, katikati u: "vpon" ni upon, "haue" ni have.

Kisha kuna vijiti. Herufi i, n, u na m zote ni vijiti vifupi vilivyosimama: kimoja, viwili, viwili, vitatu. Chukua neno "communion". Kati ya o ya kwanza na o ya pili kuna vijiti 11: vitatu, vitatu, viwili, viwili, kimoja. Vihesabu kwa ncha ya penseli juu ya picha uliyochapisha (kamwe si juu ya hati yenyewe). Ukipata 8, na juu yake kuna mstari mdogo, karani amefupisha m moja. Hujakosea kuhesabu. Mstari huo kwa kawaida humaanisha m au n iliyoachwa. Aliyewahi kusoma tenzi za kale kwa hati za Kiarabu, ambamo b ya "bata" na mb ya "mbata" huweza kuandikwa sawa, hatashangaa.

Vifupisho vingine ni vya kukariri. "Wch" ni which, "wth" ni with. Herufi p iliyokatwa mkiani ni per au par. "Ye" husomwa the, kwa kuwa hiyo y ni mabaki ya herufi ya kale yenye sauti ya th.

Kwenye hesabu namba ni za Kirumi, na i ya mwisho huwa j: viij ni 8. Ukiona iiij na xx ndogo juu yake, ni ishirini mara nne, yaani 80. Pauni huandikwa li, shilingi s, peni d. Wakati huo peni 12 zilikuwa shilingi, shilingi 20 zilikuwa pauni. Jumlisha safu nzima kila mara. Jumla ikikataa, huenda umesoma v badala ya x, ingawa makarani nao walikosea.

Tarehe ndizo huwaaibisha hata wazoefu. Mwaka wa Uingereza ulianza 25 Machi, si 1 Januari, na ulibaki hivyo hadi 1752. Mary wa Scotland alikatwa kichwa 8 Februari 1587 kwa hesabu yetu, lakini karani wa siku hiyo aliandika 1586. Wewe andika 1586/7. Elizabeth mwenyewe alifariki 24 Machi 1603, ambayo kwao ilikuwa siku ya mwisho ya 1602. Hati ikitaja mwaka wa utawala wake, ongeza namba hiyo kwenye 1557: mwaka wa 30 ulianza 17 Novemba 1587. Tena, tangu 1582 kalenda ya Uhispania ilikuwa mbele kwa siku 10, hivyo mapigano ya baharini ya Gravelines ya 1588, kati ya Uingereza na Uhispania, ni 29 Julai kwa Waingereza na 8 Agosti kwa Wahispania.

Ukirudi nyuma kwenye miswada ya zama za kati, kumbuka mingi ilipita mikononi mwa watu wa enzi ya Elizabeth baada ya nyumba za watawa kufungwa. Askofu Mkuu Matthew Parker alikusanya mingi, na leo iko katika chuo cha Corpus Christi, Cambridge. Mistari ya chaki nyekundu pembezoni ni ya kwake na wasaidizi wake, nao walijazia hata kurasa zilizopotea kwa kuiga mwandiko wa kale. Usizihesabu kuwa za karani wa awali.

Unaponakili, fuata mistari ya hati na uhesabu kila wa tano. Tahajia usiiguse. Herufi unazorudisha kwenye kifupisho zipigie mstari chini, ili msomaji ajue zipi ni zako. Pasiposomeka weka mabano na nukta kwa idadi ya herufi unazokadiria, kisha urudi kesho yake. Nusu ya mabano hayo hujazika jicho likishapumzika. Juu ya kila ukurasa wa nakala andika namba ya hati, namba ya karatasi, na kama ni upande wa mbele au wa nyuma.