Namna ya kuisoma rejista ya thieta ya miaka ya korona

Kila mwaka hospitali yetu hapa Malindi huletewa wanafunzi na wauguzi vijana, na hakosi mmoja wao wa kunijia thieta, yaani chumba cha upasuaji, na daftari: "Sista, nataka kujua korona ilipunguza upasuaji kiasi gani." Swali zuri. Ila wengi huhesabu mistari ya rejista ya 2019, wakahesabu ya 2020, wakatoa, wakaandika asilimia na kwenda zao. Hesabu yenyewe haina kosa, lakini haikwambii kitu. Nitakueleza mimi ningeifanyaje, maana kurasa nyingi za rejista hizo nimezijaza kwa mkono wangu.

Ruhusa kwanza. Pata barua ya uongozi wa hospitali na ya kamati ya maadili, na usinakili jina la mtu. Namba ya jalada yatosha. Mji wetu ni mdogo. Ukiandika "mwanamume wa Shela, miaka 61, mshipa (busha)", jioni watu wa barazani wameshamjua.

Kisha chagua mwaka wa kulinganishia, na hapa ndipo vijana wengi huteleza. Usichukue 2017. Madaktari wa serikali waligoma tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, halafu wauguzi wakagoma kuanzia Juni hadi Novemba. Ukiuweka mwaka huo kuwa kipimo, 2020 itaonekana nzuri kuliko ilivyokuwa. Chukua 2018 na 2019, utafute wastani wa kila mwezi.

Tena ukumbuke Ramadhani. Mwaka 2019 iliingia mapema mwezi wa Mei. Mwaka 2020 ikaingia mwishoni mwa Aprili. Watu wetu hawapangi kupasuliwa mshipa ndani ya mfungo, husubiri Idi ipite. Kwa hiyo ukilinganisha Mei na Mei utakuwa unapima mwezi mwandamo, hupimi maradhi. Mimi huunganisha Aprili, Mei na Juni nikazihesabu kama fungu moja, na mfungo wa miaka yote miwili ukaangukia humo.

Sasa chora mstari wa tarehe chini ya hesabu yako. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa. Kafyu ya usiku ilianza tarehe 27 Machi. Tarehe 8 Aprili ikapigwa marufuku kuingia na kutoka kaunti za Kilifi (ndiyo yetu), Mombasa na Kwale. Kilifi na Kwale zikafunguliwa mwezi wa Juni, Mombasa mwezi wa Julai. Halafu Desemba 2020 wauguzi, maafisa wa kliniki na baadaye madaktari wakagoma. Shimo utakalolikuta Desemba na Januari usilitwike korona peke yake. Mgomo una fungu lake, ingawa nao ulitokana kwa sehemu na mambo ya mavazi ya kinga na bima ya wahudumu.

Baada ya hapo gawanya. Hii ndiyo kazi yenyewe, usiiharakishe. Weka upasuaji wa dharura upande mmoja na wa kupangwa upande wa pili. Chukulia, kwa mfano tu, idara ilikuwa na kesi 100 kwa mwezi: 60 za dharura, 40 za kupangwa. Mwezi wa korona zikawa 64: dharura 54, za kupangwa 10. Jumla imepungua kwa asilimia 36, na ukiishia hapo utasema thieta ilifanya kazi nusu na kidogo. Kumbe dharura imepungua kwa asilimia 10 tu, na za kupangwa zimeanguka kwa asilimia 75. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Wazazi wa kupasuliwa, yaani wanawake wa kujifungua kwa upasuaji, hawajui kafyu. Mtoto akikwama amekwama. Wao ndio wanaoibeba jumla isianguke, kwa hiyo wahesabu peke yao.

Dharura nazo zisome moja moja. Majeruhi wa bodaboda wa usiku walipungua barabara zilipofungwa, na hilo ni jema. Lakini kidole tumbo hakipungui kwa amri ya serikali. Ukiona kesi zake zimepungua, jiulize wamekwenda wapi, kisha soma safu ya alichokikuta daktari: imeandikwa kimevimba, au kimeshapasuka na tumbo limejaa usaha? Waliopasukiwa wakizidi, ujue watu walikaa nyumbani na maumivu, ama kwa kuogopa hospitali, ama kwa kukosa nauli na gari kutoka Garashi au Marafa masika yakiwa yamechacha. Henia vivyo hivyo. Aliyekuwa kwenye orodha ya Aprili akarudi Septemba utumbo umebanwa, rejista itamwandika "dharura". Kumbe ni yule yule wa kupangwa, amebadilishwa safu na ugonjwa.

Itazame na safu ya dawa ya usingizi. Mwaka 2020 wengi walihimizwa kutumia ganzi ya mgongo panapowezekana, kwa sababu kumlaza mgonjwa usingizi kamili na kumtia mpira kooni hurusha vijidudu hewani. Ganzi ya mgongo ikizidi ghafla kwenye safu hiyo, umepata alama ya korona hata pale idadi ya kesi haikubadilika.

Rejista lakini huandika yaliyofanyika tu. Yasiyofanyika yamo kwenye zile karatasi za orodha zinazobandikwa mlangoni jioni ya kuamkia siku ya upasuaji. Muulize mtu wa masijala, na umuulize kwa adabu. Mara nyingi zimo kwenye boksi chini ya meza. Mbele ya jina lililokatwa huwa pana sababu: hakuna damu, mgonjwa hakuja, anangoja majibu ya kipimo. Damu iliadimika kweli, maana wanafunzi wa sekondari ni tegemeo kubwa la uchangiaji nao walikuwa majumbani. Majibu yalichelewa kwa kuwa sampuli za pwani zilikuwa zikipelekwa maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kilifi mjini. Na "hakuja" ina mambo mengi ndani yake: hoteli zilifungwa, Wataliano wakarudi kwao, mshahara ukakatika na kadi ya NHIF, bima ya afya ya wakati huo, ikalala.

Kutoka hapo utapata malimbikizo. Katika mfano wetu zilipotea kesi 30 za kupangwa kwa mwezi. Miezi mitano ni 150. Idara ikiongeza asilimia 20 juu ya zile 40 itapata nafasi 8 zaidi kwa mwezi, na 150 kugawanya kwa 8 ni karibu miezi 19. Watafiti wa CovidSurg, kundi la kimataifa la kuchunguza upasuaji wakati wa korona, walikadiria mwaka 2020 kwamba duniani upasuaji milioni 28.4 ungeahirishwa au kufutwa katika wiki 12 za kilele, na kwamba kwa nyongeza hiyo hiyo ya asilimia 20 ingechukua wiki 45 hivi kuyamaliza. Ukimwonyesha mkurugenzi hesabu ya namna hii, atakusikiliza kuliko ukimpelekea asilimia.

Lakini 150 za kwenye karatasi si watu 150. Piga simu. Wengine wameshapasuliwa Mombasa, wengine wamehama, na wengine jamaa atapokea simu akwambie marehemu. Waliobaki wapange upya kwa hali zao, usifuate tarehe ya zamani: uvimbe wa titi mbele, watoto wenye henia wafuate. Aliyeugua korona karibuni, utafiti wa 2021 ulishauri angoje angalau wiki 7 ikiwa hali yake yaruhusu. Orodha wapelekee daktari wa upasuaji na wa usingizi wakiwa pamoja, la sivyo kila mmoja atakupa siku yake. Na uache nafasi moja wazi kila siku ya orodha, mzazi wa kupasuliwa atakuja tu.