Somo: Kuzungusha gongo la besiboli, na kwa nini usiamini unachohisi

Kila msimu ukifunguliwa hapa Ohio, wazazi wenzangu huniuliza lile lile pembeni mwa uwanja: mtoto apige kwa kushuka au kwa kupanda? Nimechoka kulirudia, kwa hiyo naliandika mara moja.

1. Miguu ipite upana wa mabega kidogo, magoti yalegee.

2. Gongo lishikwe kwa vidole, lisizame kiganjani.

3. Mguu wa mbele ukanyage, nyonga igeuke, ndipo mikono ifuate.

4. Njia ya gongo. Hapa ndipo nilipomharibia mwanangu msimu mzima. Nilimsikia mchezaji hodari wa kulipwa akisema yeye hukata kwenda chini, kama anayepasua kuni. Nikamfundisha mwanangu hivyo hivyo. Alitii, na kila mpira ukawa unaburuzika chini hadi mikononi mwa wadakaji. Baadaye nikamtazama mchezaji yule kwenye video ya mwendo wa polepole: gongo linashuka kutoka begani, linalala, na linapokutana na mpira tayari linapanda. Hakudanganya, alisema anachohisi. Mzunguko wote ni kama sekunde 0.15. Anachokumbuka ni mwanzo, mikono inaposhuka, na kilichobaki kimeshapita.

Mpira nao unashuka. Mrushaji anaurusha akiwa juu ya kilima kidogo cha sentimita 25, na ule wa kasi hufika ukiteremka kama nyuzi 6. Gongo linalopanda kidogo linakaa ndani ya njia ya mpira. Linalokata chini linaivuka mara moja tu. Ted Williams, mpigaji mashuhuri aliyemaliza msimu wa 1941 na wastani wa .406 (yaani alipiga kwa mafanikio kama mara nne katika kila kumi), alifundisha gongo lipande kidogo.

ONYO: usimpigie mtoto kelele "panda!" Atadondosha bega la nyuma na mipira itaishia juu kwa juu. Anayedondosha bega ndiye wa kuambiwa "kata chini", na gongo lake litanyooka. Tibu unachokiona kwenye video.

5. Rekodi kutoka ubavuni, fremu 240 kwa sekunde. Utapata picha kama 36 za mzunguko mmoja. Fremu 30 zitakupa nne au tano, na unayoitaka haimo. Kabla ya kumwonyesha, muulize alihisi nini.

MASWALI

— Mkuu, sijasoma yote. Gongo lishuke au lipande?
Hatua ya 4.

— Lakini kocha wetu kacheza miaka 20 na anasema kushuka. Wewe umecheza wapi?
Sikucheza popote. Mrekodi kocha wako akipiga, halafu mtazame pamoja.

— Shikamoo kaka. Binti yangu anasema anauona mpira ukigusa gongo. Inawezekana?
Marahaba dada, swali zuri sana. Haoni, ila anaamini kwa dhati. Mwaka 1984 watafiti walipima macho ya mchezaji wa kulipwa, na hata yeye aliupoteza mpira kama mita 1.7 kabla haujamfikia. Mgusano wenyewe ni kama elfu moja ya sekunde. Usimkatalie, kujaribu kuutazama hadi mwisho kunatuliza kichwa chake.

— Sisi tunapaka gongo poda ya miguu, mpira unaacha alama mahali ulipogusa.
Asante, hii naichukua. Ifutwe kila baada ya mipigo michache, alama zisichanganyane.

— Poda ya mtoto inafaa?
Inafaa, ikiwa gongo ni la rangi nyeusi.